Gunia la Uwele

Chilewa, umeniuliza usomeje.
Sina siri. Nina sapu mbili
na kalamu tatu za njano zilizokauka.

Mwaka wa kwanza nilipaka rangi kila mstari,
kitabu kikang'aa kama shamba la alizeti la Kongwa,
nikakikodolea, nikajiona nimeshavuna.
Usiku upepo wa Ng'ong'ona ukipiga mabati ya bweni
mimi na chupa ya chai ya rangi,
miguu ndani ya beseni la maji
usingizi usije ukanipata.
Neva kumi na mbili za fuvu niliziimba mpaka alfajiri.
Saa tatu, mbele ya karatasi, zilibaki nne,
na moja kati ya hizo niliizua mwenyewe.

Nikampigia baba, Mpunguzi.
Sikumwambia nimefeli. Nilisema mtihani ulikuwa mgumu.
Akasema, "Unalikumbuka pipa?"

Nilikuwa na miaka tisa. Aliniachia mizabibu niimwagilie:
kila mche kopo moja, kesho urudi.
Nami nilitaka mpira.
Nikaliinamisha pipa zima kwenye mstari wa kwanza.
Udongo wetu ule, mgumu kama kisogo,
haukunywa hata funda;
maji yakateleza juu juu hadi barabarani.
"Mbuzi wa jirani," baba akasema, "walishukuru sana."
Kisha salio likamwishia.

Basi siku hizi ni kopo.
Leo kidogo, kesho kutwa narudi, wiki ijayo narudi tena.
Nafunga daftari kwanza,
naandika ninachokumbuka pembeni mwa gazeti la zamani,
ndipo nafungua nione aibu yangu.
Aibu inashika kuliko njano.

Lakini hayo ni ya mezani.
Ya wodini alinifundisha Daktari Ndahani, kwa kunyamaza.

Tulikuwa kumi na mmoja, kitanda cha tisa,
stetoskopu mpya shingoni,
tukipokezana mgongo wa bibi mmoja wa Chipanga
kama watu wanaobisha hodi
bila haja ya mwenye nyumba.
Daktari akavuta stuli, akaketi
macho yake chini ya macho ya bibi,
asiseme neno.
Tukakohoa. Tukatazama dari. Mtu akachungulia simu.
Ndipo bibi akasema:
"Mwenzenu nalala nimeketi,
nimeegemea gunia la uwele.
Tangu Novemba tunalichota.
Tukila, gunia linashuka,
nami nashuka nalo,
na usiku nazama."

Hakuna aliyeandika.
Daktari akatugeukia: "Kwa nini anazama?"
Hakutujibu. Alitupa mpaka Alhamisi.

Niliukuta bwenini, ukurasa ule ule:
moyo ukishindwa kazi, pumzi humpungua mgonjwa alalapo chali.
Nilikuwa nimeupaka njano mara mbili.
Sikuwahi kuusoma.

Jumatano nilimweleza Nyemo, anayepiga deki ukumbi wa wodi,
nikijisikia profesa.
Nilipofika "maji hujaa mapafuni"
akaegemea fagio lake:
"Yanatoka wapi hayo maji? Kwani amekunywa?"
Mdomo ukabaki wazi.
Nikarudi kitabuni na njaa,
mara ya kwanza tangu nifike Dodoma.
Kesho yake asubuhi nilianzia kwake, si kwa Daktari,
nikamwambia: damu inasukumwa, haiendi, inasubiri nyuma ya mlango,
na inaposubiri, inavuja.
"Sasa nimekuelewa," akasema,
akanisogeza kwa fagio, nilikuwa nimesimama penye maji.

Bibi alitoka Jumatatu
na vidonge vya kumkojoza, na mito miwili ya kuazima.
Sijui kama uwele mpya ulimkuta.

Kalamu za njano usinunue.
Nunua kopo, kama unanielewa.
Na siku utakayosimama kitandani kwa mtu,
kabla hujagusa kifua chake kwa chuma baridi,
vuta stuli,
umuulize usiku huwa anaegemea nini.